Mkurugenzi Aliyeijua Metali: Kazi ya Siegfried Hecker wa Los Alamos

(Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi, uhandisi na uhusiano wa kimataifa)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu wanafunzi, habari za jioni.

Niliposema nitazungumza juu ya mkurugenzi wa maabara ya silaha za nyuklia, najua wengi wenu mlijiandaa kumsikia Oppenheimer. Atapita tu jioni hii, hatakaa. Oppenheimer aliiongoza Los Alamos kuanzia 1943 hadi 1945, na dunia nzima inamjua. Mimi nimekuja na mtu aliyekalia kiti hicho hicho miaka 11, kuanzia 1986 hadi 1997, na bado ukilitaja jina lake katika ukumbi kama huu mikono itakayonyooshwa ni michache. Anaitwa Siegfried Hecker, mkurugenzi wa tano wa maabara ile.

Nitaanza na barua. Kila mwaka huko Marekani wakurugenzi wa maabara tatu, Los Alamos, Livermore na Sandia, huwaandikia Waziri wa Nishati na Waziri wa Ulinzi, na barua zao humfikia Rais. Mkurugenzi hueleza, kwa jina lake na saini yake, kama silaha zilizo chini ya dhamana ya maabara yake bado ni salama na zinaaminika, na kama kuna haja ya kulipua moja chini ya ardhi ili kuondoa shaka. Utaratibu huu ulizaliwa katikati ya miaka ya 1990, na Hecker alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wa mwanzo kuubeba. Ugumu wake ni huu: bomu la mwisho la majaribio Marekani ililipua tarehe 23 Septemba 1992, chini ya ardhi ya Nevada. Lilikuwa bomu la Los Alamos, na Hecker ndiye aliyekuwa mkurugenzi. Tangu siku ile watu wanatia saini bila kulipua. Ni sawa na nahodha kuapa kwamba jahazi halivuji, na jahazi lenyewe liko juu ya magogo ufukweni, hakuna ruhusa ya kulishusha majini.

Mtu wa kuweka saini kama hiyo anapatikana wapi?

Huyu alizaliwa mwaka 1943 Poland, vita vikiwa vimepamba moto. Baba yake alichukuliwa na jeshi la Ujerumani akapelekwa upande wa Urusi, hakurudi. Mtoto akakulia Austria, na mwaka 1956 familia ikahamia Marekani, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Hilo la baba liwekeni akilini, kwa sababu mbele tutamkuta huyu mtoto ameketi meza moja na Warusi.

Cleveland alisoma katika chuo cha Case mpaka shahada ya uzamivu, mwaka 1968, na fani yake ilikuwa metali. Wanafunzi wangu wa uhandisi wa metali mnaolalamika kwamba wenzenu wa fizikia na kompyuta wanawacheka, inueni vichwa kidogo. Likizo ya mwaka 1965 alikuwa amepelekwa Los Alamos kujifunza kazi, na baada ya shahada akarudi huko kwa miaka miwili. Kisha akaondoka, akaajiriwa General Motors, kampuni ya magari. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi bati la bodi ya gari linavyovutwa na kukunjwa hadi karibu ya kuchanika. Mpaka leo kuna jaribio la kupima uwezo wa bati kuvutwa linaloitwa kwa jina lake. Ukifanya kazi katika kiwanda cha kuunda bodi za magari unaweza kulitumia maisha yako yote bila kujua kwamba mwenye jina lile alikuja kuwa msimamizi wa mabomu. Mwaka 1973 akarudi Los Alamos, na safari hii akakaa.

Kazi aliyoikuta ilikuwa juu ya plutoniamu. Naomba niikalie hii metali kidogo, maana usipoielewa hutamwelewa mtu huyu wala mambo yaliyompata baadaye.

Plutoniamu haina adabu. Chuma mnachokijua hubadilisha mpangilio wa atomi zake mara mbili tu kabla ya kuyeyuka. Plutoniamu inayeyuka mapema sana, kwenye nyuzi 640 hivi, lakini kabla ya kufika huko imeshapitia mipangilio 6 tofauti. Katika mpangilio wa joto la kawaida ni nzito mno na inavunjika upesi, haikubali kufinyangwa. Ipashe moto, itafika mahali ambapo imevimba kwa karibu robo nzima ya ujazo wake, na hapo inakuwa laini na inakubali kukunjwa. Endelea kuipasha, itaanza kusinyaa. Ikiyeyuka, majimaji yake ni mazito kuliko ile iliyokuwa ngumu sekunde moja iliyopita. Wataalamu wa Los Alamos wakati wa vita waligundua kwamba ukiitilia galiamu, metali nyingine laini, kidogo tu, inabaki katika ule ulaini hata ikipoa, na kwa hila hiyo ndipo walipoweza kuifinyanga kuwa kiini cha bomu.

Na hata hapo haijatulia. Plutoniamu ya bomu huoza polepole. Nusu yake huisha katika miaka 24,100. Kila atomi inayooza hurusha chembe ya alfa, chembe inaacha michubuko ndani ya metali yenyewe, na inageuka kuwa heliamu iliyofungiwa humo humo. Kwa hiyo kipande hiki kinajipasha joto chenyewe na kinajichubua chenyewe, mwaka baada ya mwaka, kikiwa kimekaa kimya ndani ya silaha. Rais anapouliza kama silaha ya miaka 30 bado ni ile ile, anauliza swali la metali. Ndiyo maana nasema haikuwa ajabu sana kwamba zama za kulipua zilipokwisha, aliyekuwa kwenye kiti alikuwa mtu wa metali.

Sasa kazi ya mkurugenzi. Los Alamos iko juu ya mlima katika jimbo la New Mexico, mita kama 2,200 kutoka usawa wa bahari, mahali palipokuwa shule ya wavulana kabla serikali haijapachukua mwaka 1943. Mwajiri wa watu wote pale, wa maabara nzima, alikuwa Chuo Kikuu cha California. Ndiyo, chuo kikuu. Kwa zaidi ya miaka 60 mabomu ya taifa yalibuniwa na watu ambao hati zao za mshahara zilitoka katika chuo, na mkurugenzi aliteuliwa na chuo. Kwa upande mmoja anatakiwa alinde uhuru wa wanasayansi kubishana, kwa upande wa pili ana siri za taifa, na kati ya hayo mawili ana Baraza la Kongresi linaloshika fedha.

Aliyeijenga kazi hii si Oppenheimer. Ni Norris Bradbury, mwanafizikia na ofisa wa jeshi la majini, aliyepokea kiti mwezi Oktoba 1945 kwa makubaliano ya miezi 6. Vita vimekwisha, wakubwa wanarudi vyuoni kwao, maji ya bomba yanaganda wakati wa baridi, hakuna anayejua kama maabara itakuwapo mwaka ujao. Miezi 6 ile ikawa miaka 25. Mwaka 1954 Oppenheimer alipowekwa mbele ya kamati kuhojiwa juu ya uaminifu wake, Bradbury alikwenda kumtetea, na si wote waliokuwa na kazi ya serikali waliothubutu. Livermore nako, maabara ya mahasimu iliyofunguliwa mwaka 1952, mkurugenzi wa kwanza Herbert York alikuwa na miaka 30 tu. Mmoja wa waliomfuata, Harold Brown, akaishia kuwa Waziri wa Ulinzi. Naleta majina haya ili mwone kwamba kiti hiki hakina njia moja ya kukifikia wala ya kukiacha.

Hecker alikipokea mwaka 1986, vita baridi bado vina nguvu. Sitaki kumpamba. Katika miaka yake ya mwanzo maabara iliendelea kubuni silaha na kuzilipua chini ya ardhi ya Nevada kama kawaida, na huo ndio uliokuwa wajibu wake. Mwaka 1995, fedha zilipopungua, maabara ilipunguza wafanyakazi, na baadhi ya waliopunguzwa, watu wenye asili ya Kihispania kutoka vijiji vya jirani, walidai wameonewa na wakaenda mahakamani. Mwenye kiti hula lawama ya kiti.

Lakini katikati ya kipindi chake ardhi ilihama. Mwezi Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Mwezi Septemba 1992 likaja lile jaribio la mwisho. Tarehe 11 Agosti 1995 Rais Clinton akatangaza kwamba Marekani itakubali mkataba wa kupiga marufuku kila mlipuko wa nyuklia, hata mdogo kabisa, na akasema wazi kwamba wakurugenzi wa maabara walikuwa wamemhakikishia jambo hilo linawezekana. Mtaona uzito wa neno la mkurugenzi hapo. Wangesema hapana, sidhani kama Rais angethubutu kusimama mbele ya Seneti na waandishi wa habari na kusema ndiyo. Badala ya kulipua, maabara zikapewa kompyuta kubwa, mashine za kupiga picha za eksirei za milipuko ya baruti, na kazi ndefu ya kuchunguza metali inavyozeeka.

Mwezi Februari 1992, wiki chache baada ya bendera ya Kisovieti kushushwa, Hecker na mwenzake wa Livermore, John Nuckolls, walipanda ndege kwenda mji wa Sarov, Urusi. Mji huo ulikuwa umefutwa kwenye ramani kwa zaidi ya miaka 40. Katika nyaraka uliitwa Arzamas-16. Ndani yake ndiko bomu la kwanza la Kisovieti lilikobuniwa. Aliyewapokea alikuwa Yuli Khariton, mzee anayekaribia miaka 88, aliyekuwa mkuu wa sayansi wa mji ule tangu ulipoanzishwa mwaka 1946. Bomu lililolipuliwa na Khariton na wenzake tarehe 29 Agosti 1949 lilinakiliwa kutoka bomu la Los Alamos, kwa michoro na maelezo yaliyotolewa kwa siri na Klaus Fuchs, mwanafizikia aliyefanya kazi Los Alamos kwenyewe. Kwa hiyo mgeni na mwenyeji walikuwa wanajuana kwa miaka mingi bila kuonana.

Sasa kumbukeni yule mtoto wa Poland. Baba amepotelea mbele ya Warusi, yeye mwenyewe maisha yake yote ya kazi yamekuwa ya kuandaa silaha zinazoielekea Urusi. Alipofika walizungumza juu ya nini? Walizungumza fizikia na metali. Mwaka uliofuata, 1993, wataalamu wa maabara hizi mbili walifanya jaribio la pamoja la sumaku zenye nguvu kubwa zinazozalishwa kwa baruti, sayansi ya wazi isiyogusa siri za bomu. Watu wa siasa huko Washington na Moscow walishangaa. Mimi sishangai. Ukimweka fundi mbele ya fundi, mmoja ataulizwa umefanyaje hapa, na mazungumzo yameanza.

Kisha yakaja mazungumzo yenye uchungu. Urusi ilibaki na zaidi ya tani 1,000 za plutoniamu na urani iliyorutubishwa, na bomu moja linahitaji kilo chache tu za plutoniamu. Enzi ya Kisovieti mali hiyo ililindwa kwa bunduki, nyaya za miba na hofu. Hofu ikaondoka, na ikaonekana kwamba hesabu yenyewe, ya kipi kiko wapi na gramu ngapi, haikuwa imara. Kuanzia 1994 maabara za Marekani na za Urusi zikaanza kufanya kazi pamoja moja kwa moja: vipimo vya mionzi milangoni, mizani, kufuli, daftari za hesabu, kamera. Kazi ya mlinzi wa stoo, ukipenda kuiita hivyo. Haina sinema. Mimi nadhani ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya Hecker akiwa kwenye kiti, kubwa kuliko silaha yoyote iliyotoka mikononi mwa maabara yake katika miaka ile 11.

Na wenzake wa upande ule walikuwa katika hali gani? Kulikuwa na mkurugenzi mwingine, Vladimir Nechai, wa maabara ya pili ya Urusi iliyoitwa Chelyabinsk-70, katika milima ya Ural. Naye alikuwa amekwishatembelea maabara za Marekani. Serikali yake ilikuwa haileti fedha. Wafanyakazi wake, watu wanaojua kutengeneza bomu la haidrojeni, walikaa miezi kadhaa bila mshahara. Mkurugenzi katika mji uliofungwa ndiye mlango pekee wa kubisha: kwake wanakuja mama wa watoto, wazee wa pensheni, mafundi. Tarehe 30 Oktoba 1996 Nechai alijipiga risasi ofisini kwake.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi kwa nini naleta habari hii katika somo la metali. Nilimjibu kwamba usalama wa silaha za dunia nzima mwaka ule ulikuwa unategemea kama fundi wa Ural amelipwa mwezi huo au la. Serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kulielewa hilo tangu mwishoni mwa 1991, Maseneta Nunn na Lugar walipopitisha sheria ya kutoa fedha kusaidia kuzidhibiti silaha za Kisovieti. Lakini fedha hupita ofisini, na ofisini hukawia.

Mwaka 1997 Hecker aliacha ukurugenzi. Hapa wengi hupata mshahara mnono katika kampuni za silaha, wanapiga picha za kuagwa, basi. Yeye alirudi kwenye metali yake, akabaki mtafiti Los Alamos, na mwaka 1998 akafunga safari ya Kazakhstan.

Semipalatinsk, upande wa mashariki wa nchi ile, ndipo Wasovieti walipolipua mabomu 456 kati ya 1949 na 1989. Wakazi wa vijiji vya jirani waliugua na kufa kwa mionzi, na Nazarbayev, kiongozi wa Kazakhstan, alipafunga tarehe 29 Agosti 1991. Katika mlima Degelen palichimbwa mahandaki 181 ya majaribio. Baadhi ya majaribio hayakuwa milipuko kamili, kwa hiyo plutoniamu haikuyeyuka na kuchanganyika na miamba. Ilibaki humo, vipande na mabaki, kiasi cha kutosha kwa mabomu zaidi ya kumi. Warusi waliondoka. Wakazakhstani waliobaki hawakuambiwa ni wapi hasa. Na raia wasio na kazi walikuwa wanaingia kufukua nyaya za shaba za vipimo ili waziuze kama vyuma chakavu. Hecker alitarajia kukuta watu wachache na ngamia. Alikuta mitaro ya kilomita nyingi iliyochimbwa kwa makatapila.

Naomba niondoke Kazakhstan kwa dakika moja, nije karibu na nyumbani. Urani iliyoijenga Los Alamos ya mwaka 1945, sehemu kubwa yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga, jirani na mji wa Likasi. Mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameshasafirisha tani zaidi ya 1,000 za mawe yale hadi New York mwaka 1940, zikakaa ghalani kabla Jeshi la Marekani halijazitafuta. Waliochimba walikuwa watu wa Katanga na majirani zao, wengi wao wakielewana kazini kwa Kiswahili hiki hiki. Ukifuatilia plutoniamu ya mwanzo ya Marekani, nayo ilitengenezwa kutokana na urani, na mizizi yake inakupeleka pale pale. Wakubwa walipoondoka, mgodi ulifungwa. Miaka ikapita, wachimbaji wadogo wakarudi kutafuta kobalti. Serikali ya Kongo ikapiga marufuku mwaka 2004, na mwaka huo huo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu. Degelen walifukua shaba, Shinkolobwe wakafukua kobalti, na katika sehemu zote mbili aliyekuwa na koleo mkononi hakuwa ameambiwa amesimama juu ya nini.

Degelen ilipata bahati ambayo Shinkolobwe haikuipata: kuna mtu aliyejua na aliyekuwa na namba za simu. Hecker aliwaendea wale wale mafundi wa Sarov aliokula nao mwaka 1992. Wao ndio waliokuwa na kumbukumbu za handaki gani lina nini, na hawakuwa na sababu ya kumwonyesha Mmarekani yeyote, ila huyu walimjua. Nchi tatu, Urusi, Kazakhstan na Marekani, zikafanya kazi kimya kimya, zikajaza mahandaki zege maalumu, kwa gharama ya dola kama milioni 150. Kazi ilimalizika Oktoba 2012. Dunia ilikuja kuisoma baadaye.

Nimalizie na Korea Kaskazini, maana hapo ndipo metali na diplomasia zilipokutana ndani ya chupa.

Desemba 2002 Korea Kaskazini ilifukuza wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Januari 2004 ikaalika ujumbe usio wa kiserikali, ulioongozwa na Profesa John Lewis wa Stanford, na Hecker akiwemo. Wakapelekwa Yongbyon, kituo cha nyuklia cha nchi ile. Kwanza Hecker akaonyeshwa bwawa ambalo fimbo 8,000 za mafuta ya nyuklia yaliyotumika, ambamo plutoniamu hutolewa, zilikuwa zikihifadhiwa chini ya maji. Lilikuwa tupu. Kisha wakaingia chumba cha mikutano, wenyeji wakaleta sanduku jekundu la chuma, ndani yake sanduku jeupe la mbao, na ndani yake chupa mbili za kioo za aina inayotiwa jemu. Moja, wakasema, ina gramu 200 za plutoniamu.

Mwanadiplomasia angetazama na kuandika katika daftari lake kwamba ameonyeshwa kitu kinachodaiwa kuwa plutoniamu. Hecker akaomba aishike. Akauliza uzito wake kwa ujazo, wakamwambia ni kati ya 15 na 16, na akajua mara moja wanachomaanisha: imetiliwa kitu ili ibaki laini, haiko safi. Wakampa glavu. Akaipima mkononi: ni nzito kwa umbo lake, na ina joto kidogo. Hiyo ndiyo metali niliyowaeleza mwanzo, inayojipasha yenyewe.

Aliporudi, tarehe 21 Januari alikuwa mbele ya kamati ya Seneti, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine. Wenyeji wake walitaka akaseme kwamba ameona silaha yao ya kuzuia adui. Upande wa pili, Washington, kulikuwa na waliotaka kusikia kwamba ni kiini macho. Yeye akasema: ili uwe na silaha unahitaji mambo matatu, kutengeneza plutoniamu, kuitia katika bomu, na kulifikisha bomu kunakotakiwa. La kwanza, inaelekea wanaweza. La pili na la tatu, sikuonyeshwa. Hakuongeza kitu. Mnajua ni vigumu kiasi gani, kamera zote zikiwa usoni kwako, kusema tu kiasi unachokijua? Oktoba 2006 Korea Kaskazini ililipua bomu lake la kwanza.

Alikwenda mara saba kwa jumla hadi mwaka 2010. Safari ya mwisho, Novemba mwaka huo, walimpeleka katika jengo ambalo awali lilitumika kutengeneza fimbo za mafuta, wakampandisha ngazi hadi kwenye dirisha. Chini yake aliona ukumbi mrefu na safu za mashinepewa, yaani mitungi inayozunguka kwa kasi kubwa kurutubisha urani. Wenyeji wakasema zipo 2,000. Chumba cha kuongozea mitambo kilikuwa cha kisasa, si kama yale majengo ya zamani ya Kisovieti aliyoyazoea pale. Hakuruhusiwa kupiga picha hata moja. Alirudi na maneno matupu, na serikali zote, ya Marekani, Korea Kusini, Japani, zikayachukua maneno yale kama ushahidi. Ningependa mtu aniambie ni mwanadiplomasia gani wa mwaka 2010 angeaminiwa namna hiyo bila picha.

Mwenyeji wake mkuu mwaka 2004 aliitwa Ri Hong Sop, mkurugenzi wa kituo cha Yongbyon, ambaye kazi yake ilikuwa ile ile aliyoifanya Hecker, ila kwa taifa jingine. Tarehe 3 Septemba 2017 Pyongyang ilitoa picha ya Kim Jong Un akikagua kitu chenye umbo la njugu, kilichosemwa kuwa bomu la haidrojeni. Ri alikuwa amesimama kando yake. Siku hiyo hiyo ardhi ilitikisika, jaribio la sita na kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Hecker wakati huo alikuwa Stanford, alikohamia mwaka 2005, akiwafundisha vijana. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa wa siasa, na aliwafundisha plutoniamu ina mipangilio mingapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakaribisha maswali, na nitaanza na wale wa nyuma.